Mafuta Gani?

Katika somo la istilahi tunafundishwa kwamba neno la kitaalamu likiwa zuri huwa na maana moja, na kitu kimoja huwa na neno moja. Nimeiandika kanuni hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la utafiti. Kwenye ukurasa wa pili limo neno la kwanza nililokusanya kwa mafundi wa moteri za mitumbwi hapa Kabondo, nalo halijaitii kanuni hiyo hata siku moja. Si neno geni wala gumu. Ni mafuta.

Hesabu nami. Nyumbani kwetu mafuta ni yale mekundu ya ngazi ambayo mama anapikia sombe. Mafuta ni yale ya kujipaka baada ya kuoga. Mafuta ni esansi inayomiminwa katika tangi la moteri. Mafuta ni yale ya stroki mbili yanayochanganywa na hiyo esansi, sehemu 1 kwa sehemu 50 katika moteri nyingi za namna hiyo, yaani desilita 4 kwa bidoni la lita 20. Mafuta ni yale mazito yanayokaa chini kwenye gia, karibu na propela. Na mafuta ni grese inayochotwa kwa kidole kutoka koponi. Mtu akisema "lete mafuta" na kunyamaza hapo, ametaja angalau vitu sita.

Sarufi haitusaidii kuvitenganisha. Mafuta ni jina la ngeli ya 6 lisilo na umoja, kama maji, maziwa na mate, na upatanisho wake ni ule ule kwa vyote sita. Majirani nao hawatuazimi kitu. Katika Lingala, ambayo mitaani kwetu inasikika sambamba na Kiswahili, ni mafuta vilevile. Kinyarwanda kinasema amavuta, Kiganda amafuta. Kwa hiyo utata huu haukuzaliwa Kisangani.

Katika maisha ya kila siku utata huo haumdhuru mtu. Aliye jikoni akiagiza mafuta, hakuna atakayemletea esansi. Mahali penyewe panatosha kueleza. Shida inaanzia pale ambapo mafuta manne yamepangwa juu ya meza moja, saa moja, kwa kazi moja, na kila moja lina mahali pake. Mahali hapo napajua vizuri, kwa sababu pako uani kwetu.

Baba mdogo ana mtumbwi wenye moteri ya farasi 40. Anashuka nao mtoni mpaka Yangambi, mara nyingine mpaka Isangi pale Lomami inapoingia mtoni, akichukua watu, mchele na makaa. Moteri ikihitaji matengenezo hubebwa kwa pusupusu hadi nyumbani, hutundikwa kwenye mti uliofungwa kati ya nguzo mbili, na fundi huja. Tunamwita Papa Fundi. Yeye ananiita Etudia, na tangu nianze kuja na daftari amezoea kunisubiri nimalize kuandika ndipo aendelee.

Kazi anayoifanya mara kwa mara kuliko zote ni kubadilisha turbini ya pompi ya maji. Wenzetu wa mashariki wangesema impela ya pampu. Huku neno limepita kwenye Kifaransa, na tofauti ya pompi na pombe haiwachoshi vijana wanaopenda kucheka.

Inafaa nieleze pompi hiyo, maana bila kuielewa swali la mafuta haliwezi kueleweka. Moteri ya mtumbwi hupozwa na maji ya mto wenyewe. Chini, juu kidogo ya gia, kuna kikombe cha chuma, na ndani yake kigurudumu cha mpira chenye mabawa ambayo Papa Fundi anayaita vidole. Kigurudumu hakikukaa katikati ya kikombe. Upande mmoja kina nafasi pana, upande wa pili nafasi nyembamba. Kinapozunguka, vidole hujikunja penye wembamba na kujinyoosha penye upana. Nafasi kati ya kidole na kidole ikipanuka huvuta maji, ikibanwa huyasukuma juu mpaka kwenye silinda. Sehemu ndogo ya maji hayo hutoka nyuma ya moteri kama uzi. Uzi huo ndio kitu cha kwanza ambacho baba mdogo anageuka kuutazama baada ya kuvuta kamba. "Inakojoa?" Isipokojoa, anazima papo hapo.

Sasa fikiria mpira uliokunjwa ukikwaruzana na chuma kwa kasi hiyo. Unapona kwa sababu moja tu: maji yale yale unayoyasukuma ndiyo yanayoutelezesha. Ukikauka, sekunde chache zinatosha kuuchoma. Ndiyo maana fundi anapoweka turbini mpya hupaka kitu fulani. Kitu hicho kina kazi mbili. Kwanza kinasaidia vidole kujikunja na kuingia ndani ya kikombe bila kupasuka. Pili kinavilinda katika zile sekunde za kwanza, kabla maji hayajapanda. Baada ya hapo mto unaendelea na kazi.

Kitu gani? Hapo ndipo neno letu linapoingia.

Mwaka jana, wakati wa maji madogo, ililetwa uani moteri ya mtumbwi wa mtu mwingine. Ilikuwa imezimika njiani ikitoka Yangambi na abiria zaidi ya 20. Mtumbwi ulichukuliwa na mkondo usiku mpaka wengine walipouona na kuuvuta. Hakufa mtu. Mwenye moteri alishangaa kwa sababu turbini ilikuwa mpya, haijamaliza mwezi. Papa Fundi alifungua bulo, akainua kikombe, akaitoa. Ilikuwa imevimba. Aliiweka juu ya kibao karibu na mpya ya namba ile ile, na tofauti ikaonekana kwa macho: shina lake lilikuwa nene zaidi, mpira ulinata mkononi, vidole viwili vilikuwa vimekatika. Ndani ya kikombe mlikuwa bado na grese nyeusi. Aliyeiweka huko alikopelekwa alikuwa amejaza kikombe kizima, bila shaka akitaka idumu.

Nilitegemea Papa Fundi amtukane mwenzake. Hakumtukana. Alisema, "Walimwambia atie mafuta, naye akatia."

Nimeiandika sentensi hiyo kama alivyoisema, na nimeirudia mara nyingi nikiwa maktabani. Mtu yule hakukosa bidii wala hakuiba. Alitii neno. Neno lenyewe ndilo lililokuwa halijamaliza kusema.

Jambo la mpira na mafuta si siri ya mafundi. Mafuta yanayotokana na petroli ghafi huingia ndani ya aina nyingi za mpira, yakaufanya uvimbe, ulegee na kupoteza nguvu ya kurudi katika umbo lake. Mpira wa asili ndio unaoathirika vibaya zaidi. Neoprini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1930 na ambayo hutumiwa sana kutengenezea turbini, inavumilia kiasi lakini haina kinga kamili. Nitrili inavumilia vizuri, ndiyo maana huwekwa kwenye pampu zinazopitisha maji yenye mafuta. Shida ni kwamba zote tatu ni nyeusi, na turbini inayouzwa sokoni bila boksi lake haisemi imetengenezwa kwa mpira gani. Wanafunzi wenzangu wanaoona habari hii iko mbali nao wakumbuke ushauri ambao kila mmoja wetu ameusikia kwa wahudumu wa afya: kondomu ya mpira isipakwe vazilini wala mafuta, bali kitu chenye asili ya maji. Kanuni ni hiyo hiyo, na sababu ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo Papa Fundi anatumia maji ya sabuni, na moteri ikiwa itakaa muda mrefu bila kushuka mtoni, gliserini. Maji ya sabuni hukauka haraka, kwa hiyo anayetumia sabuni lazima aifanyie moteri majaribio mapema. Gliserini hukaa. Inapatikana katika maduka ya dawa kwa sababu watu huinunua kwa ngozi na nywele. Grese ya silikoni nayo haidhuru mpira, ila kuipata hapa si rahisi. Watengenezaji wa moteri wenyewe hawatoi maelekezo yanayofanana, na wako wanaoruhusu grese yao maalumu kwa kiasi kidogo. Mwenye kitabu cha moteri yake akifuate. Asiye na kitabu, kama walivyo wengi bandarini, hatakosea kwa sabuni.

Siku ya kuweka turbini ile mpya, mwanafunzi wa Papa Fundi, kijana wa miaka 15 hivi, aliuliza, "Papa, nilete mafuta?"

"Mafuta ya kufanya nini?"

"Ya kupakala."

"Ya kupakala nini?"

Kijana alifikiri. "Ya kutelezesha mupira."

"Basi ni sabuni. Mupira haipendake mafuta." Kisha akanigeukia mimi na daftari langu. "Andika, Etudia. Mi naulizaka kazi yake, siulizake jina."

Nilitazama kazi yote hadi mwisho nikiandika kila kitu kilipopakwa. Kwenye mhimili, pale meno yake yanapoingia, grese isiyoondoka na maji. Kwenye bulo, grese hiyo hiyo, ili mwakani zifunguke bila kukatika. Kwenye gia, mafuta mazito, baada ya kuhakikisha ya zamani hayakugeuka meupe kama maziwa, maana weupe huo ni dalili kwamba maji yameingia. Kwenye turbini, maji ya sabuni tu. Klaveti ikakaa mahali pake. Kikombe kikasukumwa chini polepole huku mhimili ukizungushwa kwa mwendo wa saa ukitazamwa kutoka juu, ili vidole vyote vilale upande mmoja, ule watakaoufuata wakifanya kazi. Halafu moteri ikashushwa ndani ya pipa la maji, kamba ikavutwa, na uzi ukatoka.

Mambo matatu katika kazi hiyo yanatuhusu sisi wa kitivo hiki.

La kwanza ni sabuni yenyewe. Sabuni iliyotumika ilikuwa kipande cha ile inayopikwa na akina mama wa mtaani kwa mafuta ya ngazi na soda kali. Mafuta ya ngazi yakiunganishwa na soda, hugawanyika: sehemu moja inakuwa sabuni, nyingine inakuwa gliserini, ambayo katika sabuni ya kienyeji hubaki humo humo. Maana yake, kile ambacho fundi anakitaka kilikuwa mafuta. Sasa si mafuta tena, wala hakuna mtu anayekiita hivyo. Kwa jicho la istilahi hili ni jambo kubwa. Dutu imebadilika, jina limebadilika pamoja nayo, na kilichokuwa hakifai kikawa ndicho kinachofaa. Anayetafuta "mafuta" hatakifikia, kwa sababu ameshaambiwa na neno atafute upande mwingine.

La pili ni tabaka za maneno juu ya kibao kile. Fundi na sabuni vilifika huku na Kiswahili cha misafara ya kutoka mashariki, wakati ambapo Tippu Tip alikuwa na makao kwenye maporomoko na mwaka 1887 akafanywa gavana wake. Moteri, pompi, turbini, bulo, klaveti, esansi na grese vilifika na Kifaransa cha Wabelgiji. Anayesoma kitabu cha ufundi cha Tanzania atakutana na injini, pampu, impela, bolti na grisi, na ataelewa. Lakini lipo neno moja la kuogopa. Tanzania na Kenya, petroli ni ile inayoendesha magari. Kwetu petroli ni mafuta ya taa. Mtu anayemsomea fundi wa Kabondo maelekezo ya Dar es Salaam neno kwa neno anaweza kumfanya atie mafuta ya taa ndani ya tangi. Tunapozungumza kuhusu Kiswahili kimoja cha Afrika yote, mifano ya namna hii inapaswa kuwa mezani, na isihesabiwe kuwa ni makosa ya watu wa huku.

La tatu ndilo linalonishughulisha zaidi. Mhadhiri mmoja aliyesoma sura yangu ya kwanza aliniuliza kwa nini nisitumie kilainishi, neno ambalo limeshazoeleka Tanzania kwa mafuta ya mitambo, na ambalo limeundwa vizuri. Ni kweli limeundwa vizuri: ki- ya chombo, laini, kiambishi cha usababishi, na -i ya mwisho. Tena lina faida ambayo mafuta hayana, kwa kuwa halitaji dutu. Linataja kazi. Sabuni inaweza kuwa kilainishi, maji yanaweza kuwa kilainishi. Kama mtu yule aliyejaza grese angeambiwa atie kilainishi, pengine angeuliza swali.

Lakini tazama kazi yenyewe inayotajwa. Laini ina maana mbili zinazokaa pamoja. Kitambaa laini hakikwaruzi. Embe laini limeiva, ukilibonyeza linabonyea. Kwa chuma juu ya chuma maana ya kwanza pekee ndiyo inayowezekana, kwa hiyo neno ni salama. Kwa mpira zote mbili zinawezekana. Grese iliulainisha mpira wa turbini ile kwa maana ya pili kabisa: iliufanya uwe laini, na ndiyo sababu ukakatika. Kijana wa miaka 15 hakusema kulainisha. Alisema kutelezesha. Teleza ni mwendo wa kitu juu ya kitu, na huacha kitu chenyewe kama kilivyo. Kitenzi hicho kinabeba tofauti ambayo kilainishi kinaipoteza, na kijana alikipata bila kozi ya semantiki.

Nilifikiri kuunda kitelezeshi kwa mfano wa kilainishi. Sarufi inaruhusu. Nimeliacha, kwa sababu sijamsikia fundi hata mmoja akilitamka, na tasnifu yangu imeahidi kurekodi maneno yanayoishi. Halafu nikagundua kwamba wanachosema kinatosha. Kiswahili kina njia ya zamani ya kumaliza jina lisilotosha: -a unganifu na kitenzi. Mafuta ya kupikia. Mafuta ya kujipaka. Mafuta ya kuchanganya. Ya kutelezesha mpira. Katika kirai cha mwisho hata jina limedondoka, na hakuna kilichopotea. Maana yote imebebwa na ya na kinachoifuata. Papa Fundi alipokuwa anamhoji kijana, "ya kufanya nini, ya kupakala nini," alikuwa anamlazimisha amalize kirai. Nusu ya mafunzo yake ni hiyo.

Najua pingamizi litakalokuja siku ya kutetea tasnifu. Istilahi iwe fupi. Kirai cha maneno matatu si istilahi, ni maelezo. Nitajibu kwamba ufupi ni sifa mojawapo tu, na kwamba neno hili lina watu wanaolipa gharama yake. Abiria zaidi ya 20 waliokuwa gizani kati ya Yangambi na mjini hawakujua kwamba walikuwa wamekalia neno pungufu. Faharasa ninayoiandika, ikiwa na bahati, itapigwa nakala na kufika bandarini, kwa sababu mafundi wawili wameshaniomba. Ikifika huko haitasomwa na watahini. Itasomwa na kijana mwenye kopo la grese mkono mmoja na turbini mpya mkono wa pili.

Kwa sababu hiyo nimeamua kwamba katika faharasa hiyo neno mafuta halitasimama peke yake. Kilainishi nitakiweka kama jina la kundi zima, kwa heshima ya matumizi ya wenzetu. Chini yake kila kimoja kitaandikwa kwa kazi yake na kwa kinachoguswa. Ingizo la mpira limeshakamilika, na nililiandika baada ya kulisoma kwa sauti uani mbele ya Papa Fundi, ambaye alilisahihisha mara mbili:

Ya kutelezesha mpira: maji ya sabuni, au gliserini ikiwa moteri itakaa bila kufanya kazi. Hupakwa kwenye vidole vya turbini na ndani ya kikombe wakati wa kuweka. Kidogo. Si grese, si mafuta ya moteri, si mafuta ya ngazi. Ukishaweka, ingiza moteri ndani ya maji kabla ya kuvuta kamba.

"Kidogo" ni neno lake. Sentensi ya mwisho pia.